Nyumba ya Bolti, Mfarishi wa Sari Kuukuu

Mto Jamuna haukai mahali pamoja. Kwenye ramani ya Bangladesh ni mstari mnene wa buluu unaoshuka kutoka kaskazini kwenda kukutana na Padma, lakini ukiutazama kutoka juu ya daraja la karibu na Sirajganj, lenye urefu wa karibu kilomita tano na lililofunguliwa 1998, unaona vijito kwa vijito vikikutana na kuachana, na katikati yake visiwa vya mchanga. Visiwa hivyo wenyewe wanaviita char. Kuna char yenye shule, msikiti na miembe iliyokomaa. Kuna nyingine iliyoibuka juzi tu na tayari ina watu, mbuzi na ugomvi wa mipaka. Kuanzia Juni hadi Septemba mto hupanda, ukamega ukingo huu na kutapika mchanga ukingo ule, na mzee wa huko akikusimulia maisha yake huyapanga kwa kuhama: mtoto huyu alizaliwa kabla hatujavunja nyumba ya pili, yule baada ya ya tano.

Nilifika Julai, mwaka mmoja na ushei baada ya mafuriko yetu ya Rufiji ya 2024. Upande wa baba yangu ni watu wa Muhoro, hukohuko Rufiji, na kule nilikuwa nimeona kuta zimelala chini kama mtu aliyechoka. Kwa hiyo niliondoka na swali la kifundi kuliko la huruma: mtu anayejua kwa hakika kwamba maji yatamwingilia ndani, anajengaje, na analala juu ya nini?

Tulivuka kwa mashua ndefu ya mbao inayosukumwa na injini ya pampu ya kumwagilia. Kiangazi injini hiyohiyo hushushwa, ikapelekwa shambani kunyonya maji ya kisima kwa ajili ya mpunga. Masika hurudishwa mashuani. Nilianza kuandika hapo hapo, maana kwetu injini ya boti ni ya boti, na ikikosa kazi inafunikwa turubai.

*Kwenye char*

Mkalimani wangu, kijana anayefundisha shule ya msingi mjini Sirajganj, alinielekeza nimwite mwenyeji wetu apa, kama dada mkubwa. Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha kuku na wanaume kwa mkupuo mmoja. Salamu yetu ilikuwa rahisi kwa sababu sote ni Waislamu: nilitoa salamu, nikajibiwa, nikavuliwa viatu.

Nyumba yake imekaa juu ya kilima cha udongo kilichojengwa kwa makarai. Upande wa mtoni kinanifika kifuani. Upande wa nyuma kinateremka taratibu mpaka kwenye shimo ulikochimbwa udongo wake, ambalo sasa ni bwawa la bata. Kuinua kiwanja ni desturi ya zamani huko, ila kuchimba kunataka nguvu za watu na ujira, na maskini wa char hawakuwa na vyote viwili. Kati ya 2004 na 2016 mpango uliofadhiliwa na Uingereza, Chars Livelihoods Programme, uliwalipa watu wa visiwani wenyewe kuchimba na kubeba udongo ili viwanja vipite juu ya alama ya mafuriko makubwa yanayokumbukwa. Apa alipata kiwanja chake cha kwanza kilichoinuliwa wakati huo. Mto umeshakila. Hiki cha sasa alikijaza na wanawe kwa kuiga kile.

Kazi ya kukitunza haiishi. Panya wakichimba, maji hufuata tundu lao na upande mzima unaporomoka, kwa hiyo kila asubuhi mtoto mmoja huzunguka kilima akitafuta matundu na kuyashindilia udongo kwa mti. Kingo zimepandwa nyasi na migomba ili zishike. Na kabla ya mvua, kisha tena baada ya maji kushuka, wanawake husiriba sakafu na kingo za juu kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, wakiupitisha kwa kiganja na kitambaa mpaka unang'aa. Hapo nilijiona kwetu kabisa. Shangazi yangu angeweza kuinama pale na kuendelea na kazi bila kuuliza kitu.

Juu ya kilima ndipo tulipoachana. Nyumba ni ya mabati, paa na kuta. Kila ukuta ni fremu ya mbao iliyopigiliwa bati tangu zamani, na fremu hizo hazikupigiliwa msumari kwenye nguzo. Zimefungwa kwa bolti. Nilichuchumaa kwenye kona kuangalia. Bolti ndefu inapita kwenye fremu ya ukuta huu, nguzo, na fremu ya ukuta wa pili. Ndani kuna washa iliyokatwa kwenye mkebe na nati iliyopakwa mafuta. Mafuta hayo yanabadilishwa kila mwaka kabla ya Juni, maana nati ikishika kutu siku ukingo unapomeguka hutakuwa na muda wa kubembelezana nayo. Nguzo zenyewe haziingii ardhini. Kila moja imesimama juu ya kisiki kifupi cha zege kilichozikwa, chenye vipande viwili vya chuma vinavyoibana nguzo kwa bolti. Mwanzi au mbao haigusi tope, kwa hiyo haiozi, na siku ya kuondoka unafungua chuma unaacha zege, au unaling'oa kama una nafasi mashuani.

Wanaume sita wakianza baada ya sala ya alfajiri, aliniambia mume wa apa, mpaka adhuhuri nyumba iko mashuani. Jiko, mlango, dirisha lenye nondo, kitanda, kabati la vyombo lenye vioo. Hata mabanzi ya jute yanayozunguka choo hufungwa mafungu na kupakiwa. Nilimuuliza kinachobaki ni nini. Akafikiri. Kilima, alisema, na mwembe, na makaburi.

Maji yalianza kupanda tukiwa hapo. Hakuna aliyekimbia. Siku ya kwanza uwanja wa chini ulilowa na ng'ombe wakapandishwa. Kesho yake bomba la kisima likaongezewa kipande ili mdomo wake ubaki juu ya maji machafu. Miguu ya kitanda ikawekewa matofali, mawili mawili, na jiko la udongo, lile dogo linalobebeka, likahamia ndani karibu na mlango. Mchele bapa na sukari guru vilikuwa vimewekwa tayari kwenye debe kwa siku ambazo moto hauwaki. Mtoto akaambiwa achunge nyoka, maana nao wanatafuta pakavu. Mume wa apa akaenda kwa chelezo cha vigogo vya mgomba kutazama jute yake iliyolowekwa, na harufu ya jute inayooza, nawaambieni, ni harufu ambayo hakuna mwandishi wa matangazo ya utalii atakayeithubutu.

Ndipo apa akateremsha sari.

*Kazi ya masika*

Wanawake wa Bengali wameshona kantha miaka mingi sana, na msimu wake ni huo: mvua inanyesha, hakuna mpunga wa kuanika, njia zimekatika, na mikono imebaki. Kantha ni mfarishi wa nguo kuukuu. Hakuna pamba ndani yake wala sufi. Ni sari za zamani zilizokwisha kulainika kwa kufuliwa, na lungi za wanaume, zikipangwa tabaka juu ya tabaka na kushonwa kwa bandi tupu kutoka ukingo hadi ukingo.

Apa alichagua tatu. Moja ilikuwa ya binti yake, ya pili yake mwenyewe, na ya tatu, nyeupe yenye ukingo mwembamba, ya mama mkwe wake aliyefariki. Kabla ya kuzikata alikaa mlangoni na kuanza kuvuta nyuzi za rangi kutoka kwenye kingo za sari, mmoja mmoja, akizizungusha kwenye kidole gumba. Hizo ndizo nyuzi za kushonea. Zikikatika anaziunga. Siku hizi uzi wa dukani upo na ni rahisi, na binti yake alimwambia hivyo, na apa akajibu kitu ambacho mkalimani alicheka na kukataa kunitafsiria.

Kisha nguo zikatandazwa sakafuni, ile laini zaidi katikati na ile imara chini na juu. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Alipiga magoti na kuzisukuma hewa kwa viganja, kutoka katikati kwenda pembeni, mara nyingi kuliko nilivyoona haja, mpaka hapakuwa na mkunjo hata mmoja katika tabaka lolote. Matofali yaleyale yaliyosalia baada ya kuinua kitanda yakawekwa kwenye pembe kuzishika. Binti akashona kingo nne. Baadaye wakapitisha mistari michache mirefu ya bandi pana ili matabaka yasihame, na baada ya hapo kantha ikawa kitu cha kubebeka: unaikunja, unaiweka mapajani, unashona huku unazungumza, unaamka kumfukuza kuku, unarudi.

Bandi zenyewe ni fupi, na mistari inapita karibu karibu kiasi kwamba nguo inajikunja vijivimbe kama maji yanapopulizwa na upepo. Katikati kwa kawaida hukaa ua la yungiyungi, na pembeni miti au maembe yaliyopinda. Za mapambo mengi zinaitwa nakshi kantha, na mshairi Jasimuddin alizifanya maarufu kwa utenzi aliouchapisha 1929. Apa hakuwa anashona nakshi. Alikuwa anashona blanketi la mjukuu anayetarajiwa, na ua moja tu aliloweka aliliweka kwenye pembe, haraka, kama mtu anayetia saini.

Nilimuuliza kwa nini asinunue blanketi. Akanivutia lile la dukani lililokuwa juu ya kamba, nene, lenye picha ya simbamarara. Hilo, alisema, likilowa linakunywa mto, na mwezi huu hakuna jua la kulikausha. Ukilianika siku tatu linatoa ukungu na linanuka mpaka baridi inapofika. Kantha ikilowa unaikamua, watu wawili, huyu huku na yule kule, na jioni mtoto anaifunika. Bandi za karibu karibu ndizo zinazozuia matabaka yasikusanyike upande mmoja ikiwa mbichi. Hapo niliacha kuitazama kama kazi ya mapambo.

Muhoro, baada ya maji ya Aprili 2024, kilichojaa barabarani kilikuwa magodoro ya sponji. Yalitupwa kila mahali, yamevimba, meusi kwa tope, mazito kiasi kwamba wanaume wawili walishindwa kulihamisha moja. Misaada ilipofika ilileta magodoro mengine na mablanketi mazito. Sina neno na waliotoa. Nasema tu kwamba ukitafuta kitu kibaya zaidi cha kulalia katika nyumba inayofurika, utasafiri mbali.

*Ukili*

Sisi watu wa pwani mfarishi tunaujua, lakini zaidi kama kitu cha dukani au cha kitanda cha bibi harusi. Joto halituruhusu. Ila si kweli kwamba mikono yetu ya masika ilikuwa mitupu. Wanawake wa Rufiji wanasuka. Ukindu unakatwa kwenye mabonde, unaanikwa, unachemshwa na rangi, na ukili unasukwa mrefu kama kamba bapa, unazungushwa duara na kuwekwa kando mpaka utoshe. Kisha mkeka unashonwa: ukili hulazwa ubavu kwa ubavu na kuunganishwa kwa shazia na uzi wa ukindu wenyewe.

Nilimweleza apa haya kwa kuchora. Alinyamaza muda, akataka kujua jambo moja: mkeka ukilowa inakuwaje? Nikamwambia ukweli. Unakausha ukisimama ukutani, na kama jua halipo unapata madoa ya ukungu, lakini hauvimbi na hautupwi. Akatikisa kichwa kwa kukubali, kama fundi anayepitisha kazi ya fundi mwenzake. Mkalimani aliongeza kwamba nao wana mikeka, tena mizuri, ya mimea ya majini, na ikawa nimeshindwa kidogo.

Kuna Waafrika walioshika sindano ya mfarishi kwa nguvu zote, nao wako India. Wasiddi wa Karnataka, ambao mababu wa wengi wao walitolewa Afrika Mashariki na kupitishwa Goa enzi ya Wareno, hushona mfarishi wa viraka wanaouita kawandi. Hawaanzi katikati. Wanaanza ukingoni na kuzunguka kuelekea ndani, wakiongeza viraka vya nguo kuukuu na bandi za mviringo mpaka wakutane na kitovu. Kwenye pembe huweka vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, phula, yaani maua, na mfarishi usio na phula wanasema uko uchi. Wanaishi kwenye misitu yenye mvua nyingi, na nguo kuukuu ndizo walizokuwa nazo. Niliposoma habari zao nilifurahi, kisha nikajiuliza kama wangebaki Msumbiji au Kilwa wangekuwa wanasuka ukili. Nadhani ndiyo. Mkono unafuata kilichopo.

*Jamalpur*

Ng'ambo ya mto, upande wa mashariki, ni wilaya ya Jamalpur, ambako kantha ni biashara. Duka la Aarong, lililoanzishwa 1978 na shirika la BRAC ili kuuza kazi za mikono za wanawake wa vijijini, lilisaidia kuifufua, na wafanyabiashara binafsi wakafuata. Nilitembelea nyumba moja ambako wanawake walikuwa wameketi kuzunguka kitambaa kipya cheupe. Ruwaza inachorwa kwenye karatasi, karatasi inatobolewa matundu madogo kwa sindano, kisha inapitishiwa rangi iliyochanganywa na mafuta ya taa mpaka nukta zibaki kwenye nguo. Wanawake wanazifuata. Malipo ni kwa kipande, na kipande kikubwa kinakula miezi.

Niliandika pale sentensi ya kulalamika kuhusu uzuri uliopotea, na jioni nikaifuta. Mwanamke mmoja alinionyesha paa lake: mabati mapya, ya kantha. Mwingine alilipia kuinuliwa kwa kiwanja. Kinachonikera ni kingine. Duka halichukui sari kuukuu, kwa sababu mnunuzi wa Dhaka au London hataki nguo iliyovaliwa na mtu asiyemjua, na uzi mpya juu ya nguo mpya huifanya kuwa ngumu, nzito, isiyokamulika. Kwa hiyo mwanamke anashona mchana kutwa kitu ambacho hakitamfaa mafuriko yakija, na usiku anajifunika simbamarara. Mikeka yetu inayopelekwa Dar es Salaam imeanza njia hiyohiyo: ukili mwembamba kwa mapambo ya ukutani, na nyumbani mkeka wa plastiki.

*Muhoro*

Sasa upande wetu, maana daftari hili ni la kulinganisha na nimekuwa nikiukwepa.

Rufiji ilikuwa na ufundi wake wa maji. Bonde hufurika, na mafuriko ya kawaida yalikuwa baraka: samaki wanaingia mabwawani, tope linarutubisha, na maji yakishuka watu wanapanda mlao kwenye unyevu uliobaki. Watu walikaa bondeni karibu na mashamba, na shambani walijenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, wakalinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko na kulala juu ya maji yakija. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali ilianza kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa nyanda za juu. Wengi walirudi bondeni msimu wa kilimo, na madungu yakaendelea, lakini machoni mwa maofisa na baadaye machoni mwa wajukuu yakawa alama ya ushamba. Nyumba bora ikawa ya tofali.

Kuhusu bwawa la Julius Nyerere kwenye mto huohuo, ambalo ujazaji wake wa maji ulianza Desemba 2022, ubishi wake vijiweni ni mrefu na sitauingia. Masika ya 2024 ilikuwa nzito nchi nzima. Aprili maji yakashuka Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama, watu wakaishi kambini, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani kana kwamba kuna deni limesahauliwa.

Nilipofika maji yalikuwa yameshashuka. Shangazi yangu (shikamoo yake huchukua muda, ataulizia kila mtu kwa jina) alinitembeza kama mkaguzi. Nyumba za miti na udongo zilikuwa zimemomonyoka mkandiko wote wa chini, lakini nguzo na fito zimesimama. Ukipita unamwona jirani anapika ndani kupitia mbavu za ukuta. Nyumba za tofali za kuchoma zilizojengewa kwa udongo badala ya saruji ndizo zilizoanguka vibaya zaidi, kwa sababu udongo wa katikati ulilainika na ukuta ukakaa chini wote, paa na kenchi juu yake. Za bloku na saruji zilibaki, zikiwa na tope la goti ndani na chumvi inayopanda ukutani mpaka leo.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya aina ile ya pili. Alikuwa ameijenga kwa miaka, tofali kwa tofali, mauzo ya ufuta kwa mauzo ya ufuta, na akawa ndiye wa kwanza katika ukoo kuvunja nyumba ya miti. Jirani yake, ambaye kila mtu alimwona amechelewa, aliita vijana, wakakanyaga udongo, wakakandika siku mbili, wakasiriba, akahamia. Shangazi alikaa kambini.

Huko char nilikumbuka hili kila nilipoiona bolti. Lakini sitaki kuwatukuza watu wa Jamuna kwa umaskini wao. Nilimuuliza apa, kama angekuwa na fedha, angejenga nini. Hakufikiri. Matofali, alisema, ng'ambo ya tuta, kwenye ardhi yenye hati. Nyumba ya kufunguliwa ni ya mtu asiye na hakika ya ardhi. Wao wana nyumba moja na viwanja vingi vinavyoliwa kimoja kimoja. Warufiji walikuwa na mpango mwingine: nyumba mbili, moja juu na moja bondeni, na kila moja kwa wakati wake. Sioni kwamba mpango wao ni bora kuliko wetu wa kale. Ni bora kuliko wetu wa sasa, ambao ni kuweka kila tulichonacho katika ukuta mmoja, mahali mto ulipokuwepo kabla yetu, na kuungamanisha kwa udongo.

*Bolti*

Sokoni Sirajganj nilinunua bolti na vishikizo vya chuma vya nguzo, vinne, kama sampuli. Uwanja wa ndege walinifungulia begi na kuniuliza ni za nini. Nikasema za nyumba.

Shangazi alizigeuza mkononi muda mrefu. Nilimwonyesha na picha: fremu za bati, kisiki cha zege, apa akiwa mlangoni na kantha mapajani. Kantha ndiyo aliyoipenda kwanza. Alitaka kujua kama leso zilizochakaa zitafaa. Nilimwambia zitafaa kuliko sari, kwa sababu pamba yake ni nzito kidogo. Akaagiza zile za kabatini ziletwe, akaanza kuzichambua, zilizopauka huku, zenye maneno yanayosomeka kule, na moja akairudisha kabatini haraka kabla sijaisoma.

Kisha akamwita fundi. Kijana mzuri, amejenga nyumba nyingi pale baada ya maji, na ana maoni. Alikubali kisiki cha zege mara moja; alisema mchwa peke yao wanatosha kuwa sababu. Bati la ukutani alilikataa kwa ajili ya joto, na hapo alikuwa na haki: Jamuna wana miti na migomba kuzunguka nyumba, na bado mchana ndani ni tanuri. Wakaafikiana ukuta uwe fremu za mbao zenye mabanzi, zikandikwe kwa udongo mwepesi ambao ukiondoka unarudishwa, na paa la bati lifungwe kwa bolti ili liweze kuteremshwa na kuhifadhiwa. Gharama ya bolti ilimfanya fundi apige mluzi. Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Lakini mama," alisema mwishoni, akiishika nati kati ya vidole viwili, "hii kitu inafunguka kwa spana. Mwizi akija usiku na spana namba kumi na saba, si anaondoka na nyumba nzima?"

Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye leso zake.

"Aje na mashua pia," alisema. "Na watu sita. Na wewe andika hiyo misumari ya bati uipunguze, usinifanye mjinga kwa sababu mpwa wangu amesafiri."